KABLA YA KITABU CHA MTOTO, TAZAMA KITABU CHA MWALIMU
(Nasaha kwa mzazi anayefundisha hesabu nyumbani)



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake wote. Amma ba‘ad.

Ndugu zangu katika imani, kuna swali linanijia mara nyingi, hasa kutoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani na Kanada: "Sheikh, tumeamua kumsomesha mtoto nyumbani. Qur’ani tumeshapanga, Kiarabu tumeshapanga. Hesabu je, tununue kitabu gani?" Wazazi wa huku kwetu, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, wana swali linalokaribiana na hilo. Mtoto anakwenda shule kama kawaida, lakini darasa limejaa, jioni anarudi na daftari lenye makosa, na mzazi anataka kumfundisha mwenyewe hajui aanzie wapi.

Nitasema rai yangu waziwazi, na mwenye rai bora zaidi atunufaishe. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi tisa, usianze kwa kuchagua kitabu cha mtoto. Anza kwa kuchagua kitabu cha mwalimu, kile ambacho Tanzania tunakiita kiongozi cha mwalimu na Kenya wanakiita mwongozo wa mwalimu. Na anayekichagua awe ndiye atakayekaa chini na mtoto kumfundisha. Hayo mawili yakikosekana, kitabu chochote utakachonunua, hata kiwe cha bei gani, kitaishia kabatini.

HESABU SI ELIMU YA PEMBENI

Wapo wazazi wanaomtoa mtoto shuleni kwa kuhofia dini yake, na hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini wakishamtoa, wanaigeuza hesabu kuwa "elimu ya dunia" ya kujazia muda ukibaki. Muda haubaki. Mtoto anafika miaka kumi na mbili amehifadhi juzuu kadhaa, maa shaa Allah, lakini ukimwuliza nusu ya robo ni ngapi anakutazama.

Ndugu yangu, Allah ametueleza katika Suratu Yunus aya ya 5, na katika Suratul Israa aya ya 12, kwamba miongoni mwa hekima za jua na mwezi, usiku na mchana, ni sisi kujua idadi ya miaka na hesabu. Kisha fungua Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Humo utakuta nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Sehemu sita za hesabu, ndani ya aya mbili, katika jambo linalogusa mali za watu na haki za mayatima.

Chukua mfano mwepesi. Mtu amefariki, madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa, wazazi wake walishatangulia, na ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke ana thumuni. Kilichobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Gawa mali yote mafungu 24: mke 3, mtoto wa kiume 14, mtoto wa kike 7. Jumlisha upate 24. Haya ni mahesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Lakini ni nyumba ngapi mjane anapewa bahasha, anaambiwa "hiki ndicho chako", na ndani ya nyumba nzima hakuna hata mmoja awezaye kuchukua kalamu na kuhakiki? Dhulma hiyo inapita kwa sababu watu hawajui sehemu. Binti unayemfundisha leo kugawa tende sawasawa ndiye kesho atakayejua kama haki yake imetimia.

Imam al-Ghazali, Allah amrehemu, katika Ihyaa ‘Uluumid-Diin ameitaja hesabu pamoja na tiba kuwa ni katika fardhi za kutoshelezana, kwa sababu watu wanaihitaji katika biashara, wasia na mirathi. Na al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika zama za khalifa al-Ma’mun kitabu kilichoupa ulimwengu jina la aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Kwa wanachuoni wetu hawa, hesabu ilikuwa kazi yenye uzito. Kwa hiyo kumfundisha mwanao hesabu kwa nia njema ni ibada, na kuizembea baada ya kumtoa shuleni ni kupoteza amana. Ulimwondoa mahali ambapo angefundishwa na mtu mwingine. Sasa jukumu lote lipo shingoni mwako, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

KWA NINI KITABU CHA MWALIMU KWANZA

Mtoto wa miaka sita hasomi maelezo. Anatazama picha, anajaza nafasi. Kitabu cha mazoezi kinampa maswali. Atakayempa ufahamu ni wewe. Na wewe, dada yangu, ndugu yangu, wengi wetu hatukusomea ualimu. Tutafundisha vile tulivyofundishwa, na wengi tulifundishwa njia za mkato bila sababu zake.

Nikupe kipimo. Chukua 52 toa 27. Namna gani ulifundishwa? "Mbili toa saba haiwezekani, kopa moja kwa tano, tano inabaki nne, mbili inakuwa kumi na mbili." Tulikariri, tukapata jibu, tukapita. Lakini umekopa nini? Na utalipa lini? Mtoto mwenye akili atakuuliza, na ukimjibu "ndivyo inavyofanywa", umemfundisha kwamba hesabu ni mambo ya kufuata bila kuelewa.

Ukweli ni kwamba hakuna mkopo wowote. 52 ni makumi matano na mamoja mawili. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira, upate mafungu matano na vijiti viwili vya pekee. Unataka kutoa saba, mkononi una viwili vya pekee. Basi fungua fungu moja. Sasa una mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Ni 52 ileile, haikuongezeka wala kupungua. Toa vijiti saba, vinabaki vitano. Toa mafungu mawili, yanabaki mawili. Jibu 25. Mtoto aliyefungua fungu kwa mkono wake hatasahau, na kesho hata ukimpa 502 toa 27 atajua la kufanya.

Sasa fungua kiongozi cha mwalimu unachotaka kununua, nenda moja kwa moja kwenye somo la kutoa kwa namna hii. Kama kinakuambia "mwelekeze mtoto akope", kisha kinakupa majibu ya maswali ishirini, hicho ni kitabu cha majibu kilichovaa jina la kiongozi. Kama kinakuambia umpe mtoto vihesabio, umwulize nini, usubiri nini, hicho kinakufundisha wewe kwanza.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Usiwe mvivu wa kukagua. Wachapishaji wengi wanaweka kurasa za mfano kwenye intaneti bure. Soma masomo matatu kamili kabla ya kulipa, na utazame mambo haya:

KWANZA: Je, kinakueleza sababu, au kinakupa hatua tu? Mzazi asiyejua sababu hawezi kumsaidia mtoto anayekwama, kwa kuwa atarudia hatua zilezile kwa sauti kubwa zaidi.

PILI: Je, kinakutajia makosa ambayo mtoto atayafanya? Mwandishi aliyewahi kukaa na watoto anajua kwamba kuna mtoto atakayeandika 15 kama 51, na kuna atakayefanya 52 toa 27 akapata 35, kwa sababu ametoa mbili kwenye saba, namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kiongozi kizuri kinakuandaa kwa hilo kabla halijatokea, usije ukamwita mwanao mzembe kumbe anafuata mantiki yake.

TATU: Je, kinakuonyesha kufundisha kwa vitu, kisha picha, kisha tarakimu? Mtoto mdogo anaanza kwa mkono. Kitabu kinachoruka mpaka kwenye tarakimu tupu siku ya kwanza kimeandikwa kwa ajili ya mtoto mkubwa.

NNE: Je, kinakuambia namna ya kujua kwamba ameelewa? Kupata kumi kwa kumi si kipimo peke yake. Mwambie akueleze kwa maneno yake, au akutungie swali. Akikutungia swali la tende na wageni likajibika, ameelewa.

MFANO KUTOKA KWA MWALIMU WETU

Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), katika hadithi ya Ibn ‘Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, alipotaka kuwaeleza watu siku za mwezi alinyoosha vidole vyake mara tatu, na mara ya tatu akakunja dole gumba. Kumi, kumi, na tisa: siku 29. Kisha akaonyesha mara tatu kamili: siku 30. Tafadhali msinigeuzie mada ikawa mjadala wa kuandama kwa mwezi. Huo una mahali pake. Ninachotaka mkitazame ni namna ya ufundishaji: namba imepitishwa kwenye vidole, kwa mafungu ya kumi, watu wakaiona kwa macho. Na katika hadithi ya Ibn Mas‘ud iliyomo katika Bukhari, alichora mistari ardhini kuwaeleza maswahaba mambo ya mwanadamu, matumaini yake na ajali yake. Ikiwa watu wazima walifundishwa kwa vidole na kwa michoro, mtoto wako wa miaka sita una haki gani ya kumnyima kokoto?

Tena tazama subira iliyomo katika mafunzo ya swala. Tumeagizwa tuwaamrishe watoto swala wakiwa na miaka saba, na jambo la kuwakazia halikuja mpaka miaka kumi. Miaka mitatu, swala tano kila siku: zaidi ya mara 5,000 za kuelekeza kwa upole. Kisha wewe unamfundisha mtoto kuzidisha Jumatatu, Jumatano unamgombeza kwamba hajui?

VITABU VINAVYOULIZIWA SANA

Nataja baadhi ya vile ambavyo wazazi wa Marekani na Uingereza wananiuliza, ili mjue tofauti zake. Sina hisa kwa yeyote.

Wa kwanza ni mfumo wa Singapore, uitwao Primary Mathematics. Uliandikwa na taasisi ya mitaala ya nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sifa zake zilienea baada ya watoto wa Singapore kushika nafasi ya kwanza katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995. Unafuata ile njia ya vitu, picha, tarakimu. Kitabu cha mwanafunzi ni chembamba na maneno yake machache, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wananunua kitabu cha mtoto peke yake kwa kubana matumizi, kisha wanasema mfumo ni mgumu. Ufundishaji wenyewe umo katika kiongozi cha mzazi, kinachouzwa mbali. Bila hicho umenunua nusu.

RightStart, wa Joan Cotter, unatumia abakasi na michezo mingi ya karata za namba. Kiongozi chake kinamshika mzazi mkono somo kwa somo. Ni mzuri kwa mzazi mwenye hofu ya hesabu, ila vifaa vyake ni ghali na unataka ukae na mtoto muda wote.

Saxon unatokana na John Saxon, afisa mstaafu wa jeshi la anga la Marekani aliyegeuka kuwa mwalimu. Unakwenda kwa hatua ndogondogo na kurudia sana ya nyuma. Vitabu vya watoto wadogo vinamwandikia mzazi mpaka maneno ya kusema. Baadhi ya watoto wanatulia kwa kurudia huko, wengine wanachoka.

Math-U-See wa Steve Demme unatumia matofali ya rangi na video za kumfundisha mzazi, na unashughulika na mada moja kwa kirefu: mwaka wa kujumlisha na kutoa, kisha mwaka wa kuzidisha, na kuendelea. Tahadhari yake ni kwamba ukihama katikati, mtoto atakuwa mbele katika jambo moja na nyuma katika mengine.

Math Mammoth wa Maria Miller ni nafuu, unaupakua na kuchapa mwenyewe. Hauna kiongozi kinachojitegemea. Maelezo yamo ndani ya kitabu cha mtoto. Unamfaa mzazi ambaye tayari anaelewa hesabu.

Na kwa mwenye mkono mfupi, kipo MEP cha kituo cha Uingereza kiitwacho CIMT. Vitabu vya mtoto pamoja na mipango ya masomo ya mwalimu vyote vinapatikana bure kwenye intaneti. Havina rangi za kuvutia, lakini mipango yake ya masomo ni ya watu wanaojua kufundisha. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, navyo vinasomwa bure. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ufukara ndio uliomzuia. Vihesabio vyenyewe ni vizibo vya soda, mbegu za ubuyu na vijiti.

JALADA LENYE PICHA YA MSIKITI

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu jambo hili linawagawa wazazi.

Wapo wanaosema: mimi sinunui ila kitabu cha hesabu cha Kiislamu. Ukikitazama kitabu chenyewe, kina msikiti kwenye jalada, mtoto wa kike amevaa hijabu, maswali ni ya tende na misahafu. Yote mazuri. Lakini ukifika kwenye 52 toa 27, kinasema "kopa". Ndugu yangu, picha ya mnara haimfundishi mtoto kutoa. Kitabu hakiwi bora kwa sababu jalada lake lina msikiti, kama ambavyo mchinjaji hawi mchinjaji bora kwa kuwa kisu chake kina maandishi ya Kiarabu. Uangalie ubora wa elimu kwanza. Kikiwepo kitabu cha Waislamu chenye mafunzo thabiti, hicho ndicho cha kwanza kununua, tuwape nguvu ndugu zetu.

Upande wa pili, wapo wasiokagua chochote. Katika soko la vitabu vya nyumbani la Marekani, wachapishaji wengi ni Wakristo na hawafichi. Abeka, kwa mfano, ina uhusiano na chuo cha Kikristo cha Pensacola, Florida, na dini yao inaingia katika masomo yao. Hao wanafanya wanaloliamini. Wewe ndiye unayepaswa kufungua na kusoma. Kama mafundisho ya itikadi yamesukwa ndani ya masomo, tafuta kingine, vipo vingi. Kama ni picha moja ya mti wa Krismasi au nguruwe wanaohesabiwa zizini, usilifanye jambo kubwa. Mwambie mtoto hesabu ile ni sahihi, na sisi nguruwe hatumli. Mtoto anayelelewa kwenye tauhidi haondolewi na nguruwe wa karatasi.

Na watakapokua, mtakutana na maswali ya riba ya benki. Msichane ukurasa. Mfundishe asilimia aijue barabara, kisha mwonyeshe kwa hesabu hiyohiyo jinsi deni linavyovimba na kwa nini Allah ameiharamisha. Anayejua kuikokotoa riba ndiye atakayeitambua ikijificha ndani ya mkataba.

LUGHA NA MADRASA

Mzazi wa Kiswahili una neema ambayo huenda huioni. Mtoto wa Kiingereza anapofika baada ya kumi anakutana na majina mawili yasiyomwambia kitu. Sisi tunasema kumi na moja, kumi na mbili. Makumi na mamoja yamo ndani ya jina lenyewe. Tumia hilo. Hata kama mtoto amezaliwa Leicester au Minneapolis, mfundishe kuhesabu kwa Kiswahili, na ukifika ishirini mwambie ni makumi mawili, thelathini ni makumi matatu, kwa kuwa majina hayo tumeyapokea kutoka Kiarabu na hayamwonyeshi mtoto mbili wala tatu.

Ila kuna tahadhari kwa mtoto anayesoma madrasa. Kwa Kiarabu 25 inatamkwa "tano na ishirini", mamoja kwanza. Na tarakimu za msahafu zinaweza kumchanganya: tano yake ni kama sifuri yetu, na sita yake inakaribia kufanana na saba yetu. Mtoto akiandika 52 mahali pa 25, kabla ya kukasirika jiulize kama hajasikia kwa sikio la Kiarabu. Kiongozi cha mwalimu kilichoandikwa London hakitakuambia hili, kwa hiyo liandike wewe pembeni kwa kalamu yako.

Na mazoezi ya bure mnayo kila siku. Rakaa za faradhi ni 2, 4, 4, 3 na 4, jumla 17. Tasbihi baada ya swala ni 33 mara tatu, zinakuwa 99, na moja ya kukamilisha 100. Wakikua, wape zaka ya mbuzi: kuanzia 40 mbuzi mmoja, kuanzia 121 wawili, kuanzia 201 watatu. Hayo hakuna kitabu kitakachokuuzia.

BABA ANAYELIPA, MAMA ANAYEFUNDISHA

Hapa nazungumza na wanaume wenzangu. Katika nyumba nyingi zinazosomesha watoto nyumbani, baba ndiye anayesikia darasa, anahamasika, anaagiza vitabu, anapiga picha sanduku likifika. Kisha anakwenda kazini. Anayebaki na watoto watatu, mmoja mchanga, jiko linawaka, ni mama. Na yeye hakuulizwa. Kitabu kinataka saa nzima ya kukaa na mtoto mmoja, na yeye hana hata nusu saa. Mwezi wa tatu mambo yakilegea, analaumiwa yeye.

Ndugu yangu, mambo ya Waislamu ni kushauriana baina yao, na mkeo ni Mwislamu. Hata kumwachisha mtoto ziwa Allah ametaja katika Suratul Baqara aya ya 233 kuwa kunafanywa kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Itakuwaje kumwachisha shule? Mpe kurasa za mfano asome yeye. Mwulize: "Hiki unakielewa? Unaweza kukifundisha siku nne kwa wiki hata ukiwa umechoka?" Akisema hapana, hicho si kitabu chenu, hata kama dunia nzima inakisifu. Na siku zako za mapumziko, chukua wewe somo la hesabu. Utajifunza mengi kuhusu kitabu ulichokinunua.

Na akina mama, naomba jambo moja. Usiseme mbele ya mtoto "mimi hesabu zilinishinda". Mtoto anakupenda na anataka kufanana na wewe. Akisikia hivyo, ameshapata ruhusa. Sema "tutajifunza pamoja", na ukweli ndio huo, kwa sababu kiongozi kizuri cha mwalimu kitakurudisha darasani wewe mwenyewe.

SHERIA ZA MAHALI ULIPO

Mwislamu anatimiza ahadi, na kuishi katika nchi kuna ahadi zake. England na Wales, Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, iwe shuleni au kwa njia nyingine, na ndiyo inayofungua mlango wa kufundisha nyumbani. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini masharti yanatofautiana mno: New York wanataka mpango wa masomo na ripoti kila robo mwaka, Texas hawaombi hata taarifa. Ujerumani, kwa kawaida, hairuhusiwi. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi kumpeleka mtoto shule, na Tanzania nako mtoto aliyefikia umri wa shule sharti aandikishwe. Kwa hiyo wa huku, ninaposema kufundisha nyumbani nakusudia kumwongezea jioni na siku za mapumziko. Usimtoe mtoto shule kwa sababu umesoma andiko langu. Na mnaoruhusiwa, wekeni daftari la kazi za mtoto lenye tarehe. Litakufaa mbele ya afisa, na litakufaa zaidi wewe mwenyewe kuona mwanao amefika wapi.

UKISHACHAGUA, TULIA

Maradhi ya mwisho ni ya kubadilisha. Leo Singapore, baada ya miezi mitatu Saxon, kwa sababu fulani amesifia. Kila mfumo una mpangilio wake, na ukiruka huku na huku mtoto anaachiwa mashimo ambayo hakuna atakayeyaona mpaka afike kwenye sehemu na asilimia. Swali istikhara, shauriana na aliyekitumia kitabu hicho walau mwaka mmoja, kisha chagua na ukipe mwaka mzima. Mtoto akikwama, rudi nyuma ndani ya kitabu hichohicho, rudi kwenye vijiti, kabla hujaanza kutafuta kingine. Dakika ishirini kila siku kwa utulivu ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi zenye machozi. Amali anayoipenda Allah zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa chache.

Basi mzazi, usiku wa leo, kabla hujabonyeza kitufe cha kununua, chukua vijiti hamsini na viwili na mipira mitano. Mwite mwenzio. Fundishaneni 52 toa 27 mpaka kila mmoja aweze kumweleza mwenzake bila kutumia neno "kopa". Kisha ndipo mtafute kitabu, mtakijua mkikiona.

Namwomba Allah awape wazazi wetu subira na ufahamu, awabariki watoto wetu katika dini yao na akili zao, awafanye wenye kupima kwa uadilifu na kutoa haki kwa wenyewe. Allahumma aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Mfikishie mzazi mwenzako, huenda sanduku lake bado halijaagizwa.